Wakala wa ajira au HR ya hoteli: mhitimu wa Zanzibar aanzie wapi?

Mahafali ya vyuo yakishapita Tunguu na majoho yakarudishwa, nyumbani linabaki swali moja: "Haya, kazi sasa?" Wengi waliosoma rasilimali watu, biashara, utalii au hata sosholojia huwa wameshajaza maombi ya serikalini kwenye ZanAjira, mtandao wa maombi ya ajira za serikali, na wanasubiri majina ya usaili yatoke. Kusubiri hakuna ubaya, ilimradi mtu asubiri huku anafanya kitu. Sekta binafsi hapa kwetu ina milango miwili inayofanana ukiitazama kwa nje: kufanya kazi kwa wakala wa ajira, yaani kampuni inayowatafutia waajiri watu, au kuingia ofisi ya HR, yaani rasilimali watu, ya hoteli, upande wa mwajiri mwenyewe. Kote unashinda na CV za watu mezani, kote unasaili, kote unapigiwa simu na watu usiowajua wanaokuita "bosi". Ukishaingia ndani ndipo unapoona kwamba kwa wakala umeajiriwa kuuza, na hotelini umeajiriwa kulea.

Nimekaa pande zote mbili, kwa hiyo nitasema mapema ninavyoona. Kijana ambaye hana anayemtegemea, ana pa kulala na ulimi wake haumuangushi, aanze kwa wakala, hata kwa mwaka mmoja. Mwenye wadogo zake wanaosubiri ada, au ambaye akikataliwa mara mbili hali chakula, aende hotelini na asijione kashindwa.

Kwa wakala, mteja ni nani?

Wahitimu wengi huingia wakidhani wanakwenda kuwasaidia watu kupata kazi. Watu watapata kazi, ndiyo, lakini anayelipa ni mwajiri, na anayelipa ndiye mteja. Uingereza, ambako biashara hii ni kubwa na huchukua wahitimu kwa makundi, Reed ilianza mwaka 1960 na Michael Page mwaka 1976, na sheria yao ya mwaka 1973 inakataza wakala kumtoza anayetafuta kazi. Shirika la Kazi Duniani nalo lina mkataba Namba 181 wa mwaka 1997 unaosema hivyohivyo, pamoja na nafasi ndogo ya nchi kuweka hali za pekee. Kwa hiyo ukikuta ofisi inamuomba kijana hela ya fomu, hela ya "kufungua faili" na hela ya usaili, ujue biashara yao ni wale vijana wenyewe. Usianzie maisha yako hapo.

Mhitimu wa Uingereza huanza kwa kutafuta watu tu: anachambua CV, anapiga simu, anampelekea mkubwa wake majina. Baadaye ndipo hupewa kazi nzima, kuanzia kumsaka mwajiri, kupokea nafasi anayotaka kuijaza, kutafuta mtu, kusimama katikati kwenye mazungumzo ya mshahara, mpaka kufuatilia malipo. Kwetu ofisi za namna hii ni ndogo, na ofisi ndogo haina subira. Wiki ya kwanza tu unaweza kujikuta uko kwenye gari ya 116 kwenda Nungwi na kadi za kampuni mfukoni, unaingia hoteli baada ya hoteli, askari wa getini anakuuliza, "Una miadi na nani?"

Malipo yenyewe yako ya namna mbili. Ipo ya kulipwa mtu akipatikana, na ipo ya kulipwa sehemu kabla kazi haijaanza. Ya pili ni tamu lakini huwa ya nafasi kubwa: meneja mkuu, mhasibu mkuu, mkuu wa mapokezi wa hoteli mpya. Nyingi zilizobaki ni za kwanza, na hapo mwajiri anaweza kuwapa nafasi moja mawakala watatu kwa pamoja. Mmoja atalipwa. Wawili watakuwa wamefanya kazi ya bure, na hakuna wa kumlalamikia.

Nikuoneshe inavyokuwa. Katikati ya Juni, saa tatu asubuhi, meneja wa hoteli moja ya Kiwengwa anapiga simu: mpishi wake wa keki kaondoka bila kuaga, na kundi la Wataliano linafika Jumamosi. Unaacha chai yako. Wa kwanza unayempigia yuko Mbezi, anataka kwanza nauli ya boti na uhakika wa chumba. Wa pili anakaa Fuoni, anakujibu kwa kunong'ona kwa sababu yuko jikoni kwa mwajiri mwingine. Anakwambia umpigie saa kumi akitoka zamu. Wa tatu ndiye hasa, mkono wake unajulikana mpaka Paje, ila mkewe amejifungua juzi na hataki kusikia habari ya kulala kwenye nyumba za wafanyakazi. Mpaka jioni una watu wawili, picha za keki zao, barua za waajiri wao wa zamani, na umewaeleza mshahara kwa uwazi. Unatuma. Meneja kimya. Kesho yake kimya. Alhamisi anakujibu kwa ujumbe: "Ahsante ndugu yangu, tumeshapata, alikuja mwenyewe getini."

Hiyo si bahati mbaya ya siku moja. Ndiyo kazi yenyewe, na atakayedumu ni yule ambaye Ijumaa atampigia tena meneja huyohuyo kumuuliza kama sasa anahitaji weita.

Hotelini ajira ni kipande tu

Sasa vuka upande wa pili wa geti hilohilo. Juni ndiyo hiyohiyo, hoteli inafungua baada ya masika, na vijana wamejipanga chini ya mkungu tangu saa moja, kila mmoja na bahasha yake ya kaki: vivuli vya vyeti, kivuli cha kitambulisho cha Mzanzibari, barua ya sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa au kijiji, picha mbili. Afisa HR mpya anapewa kiti, meza ya plastiki na kalamu. Anapokea, anapanga, anauliza maswali mafupi. Huyu alifanya fildi wapi? Huyu anaweza zamu ya usiku? Yule aliyeandika "Kiingereza: vizuri sana", akiambiwa aeleze njia ya kutoka geti mpaka bwawa la kuogelea, ndipo utajua.

Siku hiyo unaweza kudhani kazi ni kuajiri. Ikipita, kwa miezi utakuwa unafanya mengine. Mahudhurio. Zamu. Likizo. Michango ya ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar, na ya mfuko wa huduma za afya. Sare zilizopungua. Gari la wafanyakazi limewaacha watu wa dobi Kinyasini na shuka hazijafuliwa. Weita kafiwa Makunduchi na anataka siku tatu, mkuu wake anasema mbili. Mpishi mgeni kibali chake cha kazi kinakaribia kwisha na hakuna aliyekumbuka. Ramadhani inaingia, ratiba inabadilishwa ili wanaofunga wapate kufuturu, wageni nao wanataka chakula chao saa ileile ya magharibi. Haya yote yanapita mezani kwako, na mengi yanafika mtu akiwa ameshakasirika.

Lakini hapo ndipo unapojifunza jambo ambalo kwa wakala utalipita juujuu: sheria. Kazi na ajira si jambo la Muungano. Bara wana Sheria yao ya Ajira na Mahusiano Kazini Namba 6 ya 2004. Sisi tuna Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005 na Sheria ya Mahusiano Kazini Namba 1 ya 2005. Bara mchango wa hifadhi ya jamii unakwenda NSSF, hapa ZSSF. Mhitimu aliyesomea vitabu vya bara akija na fomu za bara atawaandikia watu mikataba inayotaja sheria isiyohusika, na siku mgogoro ukifika ofisi za kazi, mwajiri ndiye atakayeumbuka. Mtu aliyekaa hotelini miaka miwili, akaandika mikataba, akahudhuria mashauri mawili matatu, anakuwa na kitu ambacho mwekezaji anayefungua ofisi Fumba anakihitaji na hakipati kirahisi. Binafsi nauona huu kuwa ndio utajiri mkubwa wa njia ya hoteli, na hausemwi sana kwa sababu hauna mbwembwe.

Hesabu ya mfukoni

Uingereza wakala hulipwa kwa asilimia ya mshahara wa mwaka wa kwanza wa aliyeajiriwa, na asilimia 15 hadi 25 ni kawaida. Usiichukue hesabu hiyo ukaileta Kiwengwa. Tufanye mfano wa kwetu: makubaliano ni mshahara wa mwezi mmoja, na umempeleka mkuu wa mapokezi wa shilingi 1,500,000. Kampuni inapata 1,500,000, na wewe kamisheni yako tuseme ni asilimia 10. Ni 150,000. Ukimpeleka msafisha vyumba wa 400,000 umepata 40,000, na jasho linaweza kuwa lilelile. Ndiyo maana mshauri wa ajira aliyekomaa hukimbilia nafasi za juu, na mgeni huachiwa zile za chini.

Halafu kuna dhamana. Mwajiri hudai kwamba aliyeletwa akiondoka ndani ya kipindi fulani, mara nyingi miezi mitatu, wakala alete mwingine bure au arudishe fedha. Umeshalipwa kamisheni yako Juni, umemnunulia mama jokofu, Agosti mkuu wa mapokezi anapata kazi kwenye hoteli ya jirani yenye laki moja zaidi. Kwenye baadhi ya ofisi ile kamisheni inakatwa kwenye mshahara wako unaofuata.

Hotelini mshahara ni mmoja kila mwezi, mdogo au mkubwa, na mara nyingi unakula kantini na unapanda gari la wafanyakazi. Hivyo vitu viwili anayepanga Mwanakwerekwe na kufanya kazi Matemwe anajua thamani yake kuliko mtu yeyote.

Msimu unawagusa wote, kwa njia tofauti. Wageni waliofika Zanzibar mwaka 2024 walipita 700,000, lakini hawaji kwa mkupuo sawa. Machi mpaka Mei mvua za masika hushusha idadi na baadhi ya hoteli hufunga. Kwa wakala, Aprili ni mwezi wa simu zisizopokelewa na kamisheni sifuri. Kwa HR, Aprili ndipo anapobaki yeye, walinzi na mafundi rangi, baada ya kuwapa wenzake barua za kumaliza mkataba. Kukabidhi barua zile, kwa mtu mliyekuwa mkila naye wali meza moja, ni kazi nzito ambayo haimo kwenye tangazo lolote la nafasi.

Jamaa, kijiji na maombi ya pembeni

Kisiwa ni kidogo. Ukishajulikana uko HR, ami yako aliyekuwa hakupigii hata siku ya Idi atakupigia.

"Mwanangu, huyu mtoto wa Bi Mkubwa kamaliza skuli tangu mwaka juzi. Mtie hata bustanini."

"Shikamoo ami. Alete vyeti Jumatatu, atasailiwa na wenzake."

"Asailiwe tena? Wewe si ndiyo uko hapo?"

Jibu hilo la Jumatatu lijifunze mapema na ulitoe kwa adabu ileile kwa kila mtu, maana ukimuingiza mmoja kwa mlango wa nyuma, ukoo mzima utaujua mlango. Kijiji kinachozunguka hoteli nacho kina madai yake, na mengi ni ya haki: ufukwe ulikuwa wao, madago yao, yaani kambi za uvuvi, yalikuwa pale. Sheha akija na orodha ya vijana, mkaribishe kiti, ipokee orodha, na mueleze kwa uwazi nafasi zipo ngapi na zinataka nini.

Kwa wakala shinikizo linatoka upande wa pili. Mwajiri atakwambia, mara nyingine bila hata haya, "Nitafutie mtu wa bara," au "asiwe anayefunga," au "msichana asiyevaa hijabu." Sheria ya ajira inakataza ubaguzi kazini, lakini aliyekaa mbele yako ndiye atakayelipa ankara. Mshauri mzuri hamgombezi wala haitikii. Anauliza kazi inahitaji nini. Kama shida ni Kiingereza, tumpime Kiingereza. Kama shida ni zamu ya jioni wakati wa Ramadhani, tuwaulize waombaji wenyewe nani anaiweza. Waajiri wengi wakiulizwa hivyo hulegeza. Asiyelegeza, kumuacha ni hasara ya mwezi mmoja tu. Kumzoea ni jina lako.

Na kuna maswali ya upande wa waombaji ambayo yasipoulizwa mapema yanavunja kila kitu siku ya mwisho. Binti wa Donge au wa Wete amefaulu usaili wote, kisha baba anauliza: atalala wapi, atavaa nini, atabeba pombe? Aliyekwisha kuuliza kwa mwajiri ana jibu: kuna nafasi za mapokezi, hifadhi ya kumbukumbu na hausikipa ambako habebi gilasi ya mtu, na hijabu inaruhusiwa. Ambaye hakuuliza anapoteza mtu na mteja kwa siku moja. Katika hili mhitimu wa hapa anamshinda yeyote aliyeletwa kutoka nje, hata mwenye shahada mbili.

Arabuni, Dar na Pemba

Wapo pia mawakala wanaopeleka watu Oman, Saudi Arabia na nchi jirani, hasa wasichana wa kazi za nyumbani. Wahitimu huitwa huko kwa ahadi ya kulipwa "kwa kichwa". Mimi sishauri kuanzia huko. Mwaka 2017 Human Rights Watch ilitoa ripoti ya Watanzania waliofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu: pasi kuchukuliwa, saa za kazi zisizo na mwisho, mishahara kukatwa au kutolipwa. Wapo mawakala wanaofuata utaratibu, wenye kibali na mikataba inayopita ofisi za kazi. Kama umeitwa na mmoja wao, omba kitu kimoja kabla ya kukubali: wakupe namba za wasichana watatu waliokwisha kuondoka, uzungumze nao wewe mwenyewe kwa video. Wakisita, umepata jibu.

Dar es Salaam ni safari ya boti ya saa mbili, na mawakala wakubwa wako kule, wenye wateja wa benki, simu, migodi na viwanda. Kwa mwaka mmoja utagusa kazi za aina ambayo hapa ungezisubiri miaka. Kama una shangazi Magomeni wa kukuweka, nenda, ujifunze, urudi. Kama itabidi upange, mshahara wa mwanafunzi wa kazi utaishia kwa mwenye nyumba na kwenye mwendokasi.

Pemba soko la wakala wa kukaa ofisini Chake Chake bado ni dogo; hoteli chache, na waajiri wakubwa ni serikali na mashirika. Lakini Mpemba aliyeko Unguja, anayejua skuli na watu wa Wete, Mkoani na Konde, ana hazina ya waombaji ambayo wenzake hawana. Aitumie.

Baadaye mtu anakwenda wapi

Kutoka kwa wakala kwenda kwa mwajiri ni rahisi. Wateja wako walishakuona ukifanya kazi, na mmoja wao siku moja atakuuliza kwa nini usije upande wake. Kurudi kinyume ni kugumu zaidi, kwa sababu aliyezoea mshahara wa tarehe moja hana hamu tena ya kubisha mageti. Ndiyo sababu nyingine ninayompendekeza wakala kwa mwenye umri mdogo. Mtu wa HR naye ana njia yake iliyonyooka: afisa, meneja msaidizi, meneja, na serikalini nafasi za utumishi zikitangazwa uzoefu wake unasomeka vizuri.

Siku ya usaili, na wewe uliza

Kwa wakala, uliza mshahara wa msingi ni kiasi gani kabla ya kamisheni yoyote. Uliza kamisheni inalipwa mtu akianza kazi au mwajiri akishalipa, kwani kati ya hapo na hapo inaweza kupita miezi. Uliza mtu akiondoka ndani ya dhamana, ya kwako inakatwa? Nauli ya Nungwi na vocha za simu ni za nani? Na utapewa wateja waliopo, au unaanza na daftari jeupe? Daftari jeupe si kosa, ila basi wakupe miezi ya kutosha kabla ya kukudai malengo.

Hotelini, uliza kama utagusa mikataba na mashauri au utakuwa wa kupiga vivuli na kugawa sare. Uliza aliyekuwa kwenye nafasi hiyo yuko wapi sasa. Kisha uliza la mwisho: hoteli ikifunga Aprili, mimi nalipwa? Wasaili wakitazamana kabla ya kujibu, waombe kwa upole jibu lenyewe waliandike kwenye barua ya ajira.